Gari Jipya, Bei ya Siri

Mfanyakazi anayekwenda kununua motokaa mpya katika nchi ya Marekani huingia dukani akiwa na bei moja kichwani, naye mara nyingi hutoka akiwa ametia saini bei nyingine. Bei ya kwanza ni ile aliyoiona katika tangazo, au iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Bei ya pili ni ile iliyomo katika mkataba, kwa herufi ndogo, katika karatasi aliyoletewa baada ya kungojeshwa saa nyingi, watoto wakilia njaa na zamu ya usiku ikimkaribia. Kati ya bei hizo mbili ndimo unamokaa ulanguzi tunaotaka kuuzungumzia leo.

Huenda msomaji akatuuliza: mambo ya maduka ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko, sasa ni wakazi wa miji kama Houston, Columbus, Louisville na Minneapolis. Wanafanya kazi katika maghala, viwandani, hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee. Katika sehemu nyingi za nchi ile mabasi ni machache, na usiku hayaonekani kabisa. Asiye na gari ni shida kupata kazi, na akiipata ni shida kuifikia. Kwa mtu huyo gari ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Nazo fedha anazopunjwa dukani ndizo zile zile ambazo zingelipa karo ya mdogo wake au kuezeka nyumba ya mama yake. Anayepunjwa Ohio, maumivu yake hufika Kigoma na Kisumu.

Karatasi ya Dirishani

Yafaa kwanza ifahamike kwamba hila hizi si ngeni, na kwamba zilikwisha kupigwa vita mara moja.

Katika miaka ya 1950 bei ya kiwanda haikuandikwa mahali ambapo mnunuzi angeweza kuiona. Mwenye duka aliweza kuongeza mamia ya dola juu ya bei, kisha akajifanya mkarimu kwa kuzipunguza hizo hizo mbele ya mteja, au kwa kulipa thamani kubwa ya uongo gari kuukuu aliloletewa libadilishwe. Mnunuzi akarudi nyumbani akiusifu wema wa mtu aliyemnyang'anya. Malalamiko yakawa mengi, yakafika Baraza la Senati, ambako Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma aliyasikiliza na kuyatungia sheria. Rais Eisenhower aliitia saini sheria hiyo mwezi wa Julai, 1958.

Sheria hiyo ingali hai. Inamlazimisha mtengenezaji kubandika kwenye kioo cha kila gari jipya la abiria karatasi yenye aina ya gari, namba yake, mahali lilipoungwa, bei inayopendekezwa, bei ya kila kifaa cha ziada kilichotiwa kiwandani, gharama ya kulisafirisha, na jumla ya yote. Mtu anayeibandua au kuibadili karatasi hiyo kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi aweza kutozwa faini hadi dola 1,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Hata leo Wamarekani huiita karatasi hiyo kwa jina la Monroney.

Lakini katika karatasi hiyo liko neno moja linalofaa kusomwa mara mbili. Bei ile ni bei inayopendekezwa. Sheria ilimwamuru mtengenezaji aitangaze. Haikumwamuru mwenye duka aifuate. Mwenye duka yu huru kuuza chini yake biashara inapodorora, na yu huru kuuza juu yake gari linapokuwa haba. Tena mnunuzi hawezi kwa urahisi kumkimbia mwenye duka akaenda kununua kiwandani, kwa kuwa sheria za majimbo mengi huzuia kampuni zenye mawakala kuuza magari yao moja kwa moja kwa wananchi.

Nguvu ya uhuru huo ilidhihirika miaka michache iliyopita. Mwaka 2021 viwanda vya motokaa vilikosa chipu za elektroniki, na magari yakaadimika. Kampuni ya Edmunds, ambayo kazi yake ni kufuatilia bei za magari, ilikuta kwamba mwezi wa Januari 2022 zaidi ya wanunuzi 8 katika kila 10 walilipa kupita bei ya dirishani. Mwaka mmoja kabla yake waliofanya hivyo hawakufika 3 katika kila 100. Kando ya karatasi ya Monroney maduka yalibandika karatasi ya pili, yenye maneno ya heshima kama "marekebisho ya soko", na chini yake maelfu ya dola. Hata kampuni za Ford na General Motors zililazimika kuwaandikia wenye maduka wao na kuwaonya, kwa kuwa wateja waliokasirika walikuwa wakilaumu jina lililoandikwa kwenye gari.

Hila Zilizohamia Mezani

Sheria ya 1958 ilileta mwanga dirishani. Kwa hiyo wajanja waliondoka dirishani wakahamia mezani. Leo mahali pa hatari zaidi katika duka la magari ni chumba kidogo cha nyuma ambako mnunuzi hupelekwa baada ya kukubaliana bei, ili atie saini hati za mkopo. Yeye hudhani mapatano yamekwisha, kumbe ndipo yanaanza.

Hila ya kwanza ni vitu visivyoombwa. Mnunuzi huambiwa kwamba gari limekwisha kupakwa dawa ya kulinda rangi, kwamba viti vimenyunyiziwa dawa ya kuzuia madoa, kwamba namba ya gari imechorwa katika vioo ili kuwatisha wezi, na kwamba matairi yametiwa naitrojeni. Kila kimoja kina bei yake, na zikijumlishwa hufika mamia, pengine maelfu, ya dola. Kuhusu naitrojeni, mwanafunzi wa shule ajua kwamba hewa tunayoivuta sote ina naitrojeni asilimia 78. Mnunuzi huyo anauziwa kitu ambacho sehemu yake kubwa imo katika pampu ya baiskeli.

Hila ya pili ni ada zenye majina ya kiserikali. Kodi ya mauzo na ada ya kuandikisha gari ni halali, nazo huenda serikalini. Gharama ya usafiri iliyoandikwa katika karatasi ya Monroney nayo ni ya kweli, na haiondoleki. Lakini "ada ya hati" ni ya duka lenyewe. Jimbo la California limeiwekea mwisho wa dola 85. Jimbo la Florida halikuiwekea mwisho, na maduka ya huko hutoza mamia ya dola kwa karatasi zile zile. Kadhalika "ada ya kutayarisha gari" mara nyingi ni kulipia mara ya pili kazi ambayo duka limekwisha kulipwa na kiwanda.

Hila ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huja kwa sauti ya huruma. Mwuzaji humwuliza mfanyakazi, "Ndugu, kila mwezi waweza kulipa kiasi gani?" Anayejibu swali hilo amekwisha kushindwa. Tuseme amekopa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6. Akilipa kwa miezi 60, atalipa kama dola 580 kila mwezi. Akilalamika kwamba ni nyingi, mwuzaji atarefusha muda hadi miezi 84, na malipo yatashuka hadi dola 438. Mnunuzi atashukuru. Lakini riba yote aliyokuwa ailipe ilikuwa kama dola 4,800, na sasa imekuwa kama dola 6,800. Dola 2,000 zimeondoka katika jasho lake, naye amesema ahsante. Ndani ya malipo hayo ya mwezi waweza kufichwa pia dawa ya viti, michoro ya vioo na bima asiyoitaka, maana dola 12 kwa mwezi hazisikiki masikioni kama dola 1,000.

Hila ya nne imo katika riba yenyewe. Duka linapomtafutia mnunuzi mkopo, benki hulipa duka kiwango chake, tuseme asilimia 6. Duka laweza kumwambia mnunuzi kwamba ni asilimia 8, na sehemu ya tofauti hiyo ikarudi dukani. Katika mkopo ule ule wa dola 30,000 kwa miezi 60, asilimia mbili hizo humgharimu mnunuzi kama dola 1,700. Hakuna karatasi ya dirishani inayomwonyesha jambo hilo.

Iko na hila ya tano, ya kumrudisha mnunuzi. Huambiwa mkopo umekubaliwa, akapewa funguo, akalipeleka gari nyumbani, majirani wakampongeza. Siku chache baadaye simu hulia: mkopo umekataliwa, na sharti arudi atie saini riba ya juu zaidi. Gari lake la zamani aliloliacha dukani ataambiwa limekwisha kuuzwa. Kwa aibu na kwa hofu ya kukosa kazi, hutia saini.

Anayepunjwa Zaidi

Wapo watakaosema kwamba hila hizi huwapata watu wote sawasawa, na kwamba mjinga ndiye aliwaye. Ushahidi hausemi hivyo. Mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani, pamoja na jimbo la Illinois, ilifikia mapatano na kundi moja kubwa la maduka ya magari, nalo likakubali kulipa dola milioni 10. Mashtaka yalisema kwamba maduka hayo yaliwabambikia wateja vitu wasivyoviomba, na kwamba wateja weusi walitozwa kwa wastani kama dola 190 zaidi katika riba, na dola 99 zaidi kwa vitu vya ziada vilivyofanana na vya wengine. Gari ni lile lile, duka ni lile lile, lakini bei hufuata rangi ya ngozi ya anayeuliza.

Liko na suala la lugha. Katika jimbo la California, mfanyabiashara aliyepatana na mteja kwa Kispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietnamu au Kikorea analazimishwa na sheria kumpa tafsiri ya mkataba katika lugha hiyo kabla hajatia saini. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Basi ndugu yetu aliyekwenda juzi kutoka kambi ya wakimbizi, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji na kuulizia njia, hukalishwa mbele ya kurasa nyingi za lugha ya mawakili, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia saini. Mara nyingi hiyo ndiyo hati kubwa kuliko zote alizopata kuitia saini maishani mwake.

Kanuni Iliyovunjwa

Serikali ya nchi ile haikukaa kimya. Mwezi wa Desemba 2023 Tume ya Biashara ilitangaza kanuni mpya. Kwa kanuni hiyo mwenye duka angelazimika kutaja bei kamili ya gari tangu mwanzo, angekatazwa kuuza vitu vya ziada visivyomletea mnunuzi faida yoyote, na asingeweza kutoza kitu bila ya ridhaa iliyo wazi. Tume ilikadiria kwamba wanunuzi wangeokoa zaidi ya dola bilioni 3.4 kila mwaka.

Vyama vya wenye maduka vilikwenda mahakamani. Utekelezaji ukasimamishwa, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano, iliyoko New Orleans, ikaivunja kanuni yote. Mahakama haikusema kwamba udanganyifu ni halali. Ilisema kwamba Tume haikufuata utaratibu unaotakiwa katika kuitunga. Udanganyifu ungali umekatazwa na sheria za zamani, na majimbo yanazo sheria zao. Hata hivyo ngao ile iliyotazamiwa haikufika mikononi mwa mnunuzi.

Tunalo funzo katika habari hii. Wenye maduka wana chama, wana mawakili, wana mfuko wa kesi. Mnunuzi huingia dukani peke yake. Hapo ndipo penye siri ya kushinda na kushindwa.

Namna ya Kujilinda

Hatusemi kwamba kila mwenye duka ni mwizi. Wapo wengi waaminifu, na mtu anayeuza kwa haki astahili faida yake, kwa kuwa naye ana wafanyakazi wa kulipa. Tunalolipinga ni faida iliyofichwa. Basi mnunuzi afanye nini?

Jambo la kwanza, aulize bei moja tu: jumla yote, pamoja na kodi na ada zote, hadi gari litoke mlangoni. Aitake kwa maandishi, kitu kwa kitu, kabla hajaenda dukani. Ayaandikie maduka matatu au manne yanayouza gari la aina ile ile, kisha alionyeshe kila moja bei ya mwenzake. Duka linalokataa kuandika bei yake limekwisha kumjibu.

La pili, atafute mkopo wake mwenyewe kabla ya kwenda. Hapa tungependa wafanyakazi wazingatie sana. Marekani inavyo vyama vya akiba na mikopo vinavyomilikiwa na wanachama wenyewe, ambavyo vingi vilianzishwa na watu wa kiwanda kimoja, shule moja au kanisa moja. Riba zao za magari mara nyingi ni nafuu kuliko za mabenki. Mwenye barua ya mkopo kutoka chama chake huingia dukani kama mtu mwenye fedha taslimu. Hila ya riba na hila ya kumrudisha mnunuzi humpita mbali. Duka likimtolea riba ya chini kuliko ya chama chake, na aichukue. Lakini sasa anao mzani wa kupimia.

La tatu, atenganishe mambo. Bei ya gari jipya ni shauri moja, thamani ya gari kuukuu ni shauri la pili, mkopo ni shauri la tatu. Mwuzaji hupenda kuyachanganya, ili akipunguza huku aongeze kule. Lile swali la malipo ya kila mwezi lijibiwe hivi: "Tumalize kwanza bei ya gari."

La nne, avikatae vitu vya ziada kimoja kimoja, kwa jina. Akiambiwa vimekwisha kutiwa na haviondoki, ajibu kwamba havilipii, au aende zake. Asikubali kamwe neno kwamba benki haitoi mkopo bila ya kununua bima fulani, mpaka aonyeshwe sharti hilo katika maandishi ya benki yenyewe.

La tano, asiende peke yake, wala asiende siku ambayo gari lake limekufa na kazi inamngoja kesho. Amchukue mwenziwe ajuaye kusoma mikataba. Asome kila ukurasa, alinganishe tarakimu za mkataba na zile alizoandikiwa, na pakiwa na tofauti hata ya dola 50 aiweke kalamu chini. Wengi hudhani kwamba sheria huwapa siku tatu za kujuta. Kanuni ya siku tatu ya serikali kuu haihusu gari lililonunuliwa katika duka la muuzaji. Saini ikikauka, gari ni lako.

Aliyekwisha Kupunjwa

Naye aliyekwisha kuumwa asikate tamaa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo na akusanye karatasi zote: tangazo, barua, mkataba na risiti. Dhamana za ziada na bima za mkopo mara nyingi zaweza kuvunjwa, na sehemu ya fedha ikarudishwa. Aandike barua ya kuzivunja mapema, maana kila mwezi upitao hula sehemu ya marejesho. Kisha alipelekee duka madai yake kwa maandishi. Lisipojibu, apeleke malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kwa idara inayotoa leseni za wauza magari, na kwa Tume ya Biashara. Dai dogo laweza kupelekwa katika mahakama ya madai madogo, ambako mtu hujitetea bila ya wakili.

Wengi huona aibu kulalamika, wakadhani watachekwa kwa ujinga wao. Aibu hiyo ni mali ya mlanguzi, naye huishi kwayo. Ile karatasi ya dirishani ya mwaka 1958 haikuletwa na wema wa wauza magari. Ililetwa na watu waliokataa kunyamaza, hata sauti yao ikaingia katika Baraza la Senati.

Kwa hiyo tunawashauri ndugu zetu walioko huko, kupitia kwa jamaa zao wanaosoma ukurasa huu, waanze na jambo lililo mikononi mwao. Vyama vyao vya kuzikana na kusaidiana viwe pia vyama vya kuambiana bei. Aliyenunua gari mwaka huu alete mkataba wake mkutanoni, wenzake wauone: bei ya dirishani hii, ada ya hati hii, riba hii, duka lilikuwa hili. Atakayenunua mwakani atakwenda na hesabu za watu kumi mfukoni, na pamoja naye atakwenda mmoja wao ajuaye lugha ya karatasi. Mwuzaji akimwuliza kila mwezi aweza kulipa kiasi gani, watakuwa wawili wa kumjibu.